Mazungumzo na Bwana Shamba: Damu katika Choo cha Mtoto



Mwezi huu sitazungumza juu ya pamba wala mahindi. Nitazungumza juu ya mtoto. Nitazungumza pia juu ya kosa langu mwenyewe.

Kila mfugaji mzuri hutazama kinyesi cha ndama wake. Asubuhi anapofungua zizi, hutazama chini kwanza. Akiona kinyesi chepesi, anajua ndama haumwi bure. Akiona damu, anamwita bwana mifugo siku hiyo hiyo. Jambo hili nimewafundisha wakulima kwa miaka mingi. Lakini sikuwahi kumwuliza mkulima hata mmoja, "Je, choo cha mtoto wako umekitazama lini?"

KOSA LANGU

Ilikuwa mwezi wa Januari, mwaka 2021. Watu walikuwa wanapalilia pamba katika kijiji kimoja karibu na Ziwa Victoria. Mkulima mmoja alinisimamisha njiani. Tukasalimiana. Kisha akasema:

"Bwana Shamba, mtoto wangu wa kiume anatoa damu chooni."

"Ana umri gani?"

"Miaka minne."

"Anaharisha?"

"Hapana. Choo ni cha kawaida. Damu inakuja mwishoni, matone mekundu."

"Analia tumbo?"

"Halii. Akimaliza, anakwenda kucheza."

Nikamwambia, "Mzee, hiyo ni minyoo. Mpe dawa ya minyoo, atapona."

Nilisema hivyo bila kufikiri. Ndama akidhoofika, neno la kwanza linalokuja kinywani mwangu ni minyoo. Mimi nina cheti cha kilimo. Sina cheti cha uganga. Lakini yule mkulima alikuwa amefuata shauri langu juu ya mbegu, akavuna. Alifuata shauri langu juu ya dawa ya wadudu, akavuna. Kwa hiyo alifuata na shauri hili.

Alinunua dawa dukani. Damu ikakoma kwa wiki mbili. Sote tukafurahi. Kisha damu ikarudi. Akanunua dawa tena. Ikakoma, ikarudi. Alinunua dawa ya minyoo mara nne.

Mwezi wa Julai nilikwenda nyumbani kwake kuangalia mavuno. Watoto wengine walikuwa wanaruka juu ya lundo la pamba. Mtoto yule alikuwa amekaa peke yake kando ya ukuta. Alikuwa anabandua udongo wa ukuta na kuula. Nilimwita. Alikuja polepole, akapumzika njiani kama mzee. Nikashika mkono wake nikatazama kiganja. Kilikuwa cheupe.

Bibi yake akaniita pembeni. Akasema, "Bwana Shamba, mjukuu wangu anatokwa na kitu. Nilikiona jana nilipokuwa namsafisha. Ni chekundu, cha mviringo, kama zambarau. Akimaliza haja kinarudi ndani."

Akina mama wa jirani walikuwa wamekwisha kusikia. Mmoja alisema ni bawasiri. Mwingine alisema kifungwe kwa uzi mpaka kikatike. Wa tatu alisema yuko mzee wa kijiji cha pili anayekata watoto vimeo, basi aitwe akakikate na hicho. Bibi akakataa. Alisema, "Kitu nisichojua mzizi wake sikikati."

Ndugu wasomaji, neno hilo la bibi liliokoa maisha ya mtoto. Nilimpakia baba na mtoto kwenye pikipiki, tukaenda zahanati. Muuguzi alitazama viganja na macho ya mtoto. Hakukawia. Aliandika barua, tukapelekwa hospitali ya wilaya siku ile ile.

UMBALI WA KIDOLE KIMOJA

Hospitalini walimpima damu. Alikuwa na gramu 5. Mtoto wa umri ule anatakiwa kuwa na gramu 11 au zaidi. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio hata akiwa amelala. Alitiwa damu usiku ule. Kesho yake baba yake na mimi tulitoa damu yetu ili kurudisha ile iliyotumika.

Daktari alivaa glavu, akapaka mafuta kwenye kidole, akamlaza mtoto ubavu. Akapitisha kidole polepole katika njia ya haja kubwa. Haikuchukua hata dakika moja. Akasema, "Kipo. Ninakigusa."

Kisha akauliza, "Nani aliwaambia kuwa ni minyoo?"

Baba wa mtoto aliinamisha kichwa. Hakunitaja. Nikasema, "Ni mimi, daktari."

Daktari hakunigombeza. Alisema, "Wengi hufikiri hivyo. Hata sisi waganga mara nyingine hufikiri hivyo. Lakini damu ikirudi baada ya dawa, usirudie dawa. Mlete mtoto apimwe."

Kwa miezi sita mtoto alikuwa anamwaga damu. Chanzo chake kilikuwa umbali wa kidole kimoja.

KINYAMA HIKI NI NINI?

Tumbo la mtu lina utumbo mwembamba na utumbo mpana. Utumbo mpana ndio unaokausha mabaki ya chakula na kuyafanya choo. Sehemu yake ya mwisho, karibu na njia ya haja kubwa, inaitwa puru.

Mara nyingine kinyama kidogo huota katika ukuta wa ndani wa utumbo mpana. Waganga hukiita polipu. Kwa watoto, kinyama hiki mara nyingi huwa na kikonyo, kama zambarau linavyoning'inia kwenye tawi. Ukubwa wake mara nyingi ni sentimita 1 hadi 3. Kidogo ni kama punje ya mahindi. Kikubwa ni kama zambarau nene.

Vinyama hivi huonekana zaidi kwa watoto wa miaka 2 hadi 10. Mara nyingi mtoto huwa na kimoja tu. Mara nyingi kinaota katika puru au juu yake kidogo. Ndiyo sababu kidole cha mganga kinaweza kukigusa.

Kinyama hiki hakiambukizi. Hakiletwi na kurogwa. Mama hakukosea chakula, wala baba hakuvunja mwiko. Kwa hiyo msitafute mtu wa kumlaumu. Mtafuteni mganga.

Uso wa kinyama hiki ni laini sana. Choo kinapopita kinakikwaruza, nacho kinatoka damu. Lakini hakiumi. Ndiyo sababu mtoto halii, na ndiyo sababu wazazi hawashtuki. Mkulima yule aliniambia mtoto halii, nami nikaona ni jambo jema. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa dalili yenyewe.

SI KILA DAMU NI KINYAMA

Yako magonjwa mengi yanayoleta damu chooni. Mzazi hawezi kuyatenganisha yote nyumbani. Hata hivyo, akitazama vizuri, anaweza kumsaidia mganga. Tazama mambo haya:

1. Kinyama. Choo ni cha kawaida. Damu ni nyekundu, iko juu ya choo au inadondoka mwishoni. Mtoto hasikii maumivu. Damu inakuja, inakoma, kisha inarudi.

2. Kuhara damu. Mtoto anakwenda haja mara nyingi. Choo ni chepesi, kina damu na kamasi. Tumbo linasokota. Mara nyingi ana homa.

3. Kichocho cha tumbo. Ugonjwa huu ni mwingi kwetu kandokando ya Ziwa Victoria. Watoto huupata wakioga au wakicheza katika maji yenye konokono wa kichocho. Mtoto anaweza kuharisha, kuumwa tumbo na kutoa damu. Ugonjwa ukikaa muda mrefu, tumbo linaweza kuvimba. Choo kikipimwa kwa hadubini, mayai ya kichocho yanaweza kuonekana.

4. Mpasuko. Mtoto anapata choo kigumu. Analia anapokitoa, kwa sababu njia imechanika. Damu ni kidogo.

5. Minyoo ya safura. Hii hunyonya damu ndani ya utumbo mwembamba. Mtoto anakuwa mweupe kweli, lakini kwa kawaida huoni damu nyekundu juu ya choo. Hapa ndipo mimi nilipokosea. Nilisikia damu nyekundu, nikataja minyoo.

Kumbuka pia kwamba mtoto mmoja anaweza kuwa na magonjwa mawili. Mtoto wa ziwani anaweza kuwa na kichocho na kinyama pamoja. Kwa hiyo akitibiwa kichocho na damu ikarudi, arudishwe apimwe tena.

KINYAMA KIKIACHWA KINALETA NINI?

Kwanza, kinamaliza damu. Kila siku matone machache. Mzazi anasema, "Ni kidogo tu." Lakini chukua debe lenye tundu dogo kama ncha ya sindano. Ulijaze maji jioni, ulitazame asubuhi. Mwili wa mtoto unatengeneza damu kwa madini ya chuma yanayotoka katika chakula. Damu ikivuja kila siku, madini hayo yanakwisha. Mtoto anakuwa mweupe viganjani na ndani ya kope. Anachoka upesi. Anapenda kula udongo. Hajifunzi vizuri shuleni. Moyo unakwenda mbio. Mwisho anaweza kufa.

Mpe mtoto dagaa, maharage, maini na mchicha. Ni vyakula vyema. Lakini debe lenye tundu halijai kwa kuongeza maji peke yake. Sharti tundu lizibwe.

Pili, kinyama kinaweza kutoka nje wakati wa haja. Hapo watu husema ni bawasiri. Bawasiri ni ugonjwa wa watu wazima zaidi. Kwa mtoto mdogo ni nadra. Watu wengine hudhani kuwa puru lenyewe limetoka. Tofauti yake ni hii: puru likitoka huonekana kama pete, na katikati yake pana tundu. Kinyama ni kama tunda, hakina tundu katikati.

Tatu, kikonyo kinaweza kujisokota na kukatika chenyewe. Kinyama hutoka pamoja na choo. Mara nyingine damu hukoma na mtoto hupona. Lakini mara nyingine mahali kilipokatikia hutoka damu nyingi. Kwa hiyo usikae kungoja kikatike. Kikitoka, kitie ndani ya chombo safi chenye kifuniko, ukipeleke hospitalini pamoja na mtoto.

Nne, utumbo unaweza kujimeza. Jambo hili hutokea mara chache, lakini ni la hatari sana. Utumbo husukuma chakula kwa kujibana na kujilegeza. Kinyama kikiwa juu zaidi, utumbo hukisukuma kama unavyosukuma chakula. Kinyama nacho kinavuta ukuta wa utumbo. Basi kipande cha utumbo kinaingia ndani ya kipande kingine, kama mkono wa shati unavyoingia ndani ukilivua kwa haraka. Damu haipiti vizuri, na utumbo unaanza kufa.

Dalili zake ni hizi: maumivu makali yanayokuja na kuondoka, mtoto anakunja miguu na kupiga kelele, anatapika, tumbo linavimba, na choo kinakuwa kama uji mwekundu wenye kamasi. Ukiona hivyo usingoje asubuhi. Usimpe dawa ya kuharisha. Mpeleke hospitali usiku huo huo. Akichelewa, utumbo unaoza na kutoboka.

VINYAMA VINGI, NA UKOO

Baba wa mtoto alimwuliza daktari, "Je, hii ni saratani?" Daktari akajibu, "Kinyama kimoja cha namna hii kwa mtoto, hapana. Kikitolewa, imekwisha. Lakini lazima tukipime, na lazima nikuulize juu ya ukoo wenu."

Nami nawaelezeni sababu yake. Wako watoto wachache wenye vinyama vingi. Hao ni lazima waangaliwe kwa miaka mingi, maana hatari ya saratani kwao ni kubwa kuliko kwa watu wengine.

Aina moja ni hii: mtoto ana vinyama 5 au zaidi, vya aina ile ile ya watoto, katika utumbo mpana. Huyu anatakiwa kurudi hospitalini kila anapoagizwa, hata akijisikia mzima.

Aina ya pili ni ya vinyama mamia, hata maelfu. Mara nyingi huanza kuota mtoto anapokaribia kubalehe. Ugonjwa huu hurithiwa. Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto wake ana nafasi moja kati ya mbili ya kuurithi. Mwaka 1991 wataalamu waligundua mahali penye kasoro katika mbegu ya urithi inayouleta. Bila matibabu, karibu wote wenye ugonjwa huu hupata saratani ya utumbo, wengi wao karibu na umri wa miaka 40. Kwa hiyo watoto wa ukoo kama huo huanza kupimwa wakiwa na miaka 10 hadi 12, na wakati ukifika utumbo mpana hutolewa kabla ya saratani kuingia.

Aina ya tatu ina alama ya nje. Mtoto ana madoa meusi au ya kahawia kwenye midomo na ndani ya mashavu. Mwaka 1921 daktari mmoja wa Uholanzi, Jan Peutz, aliandika juu ya ukoo uliokuwa na madoa hayo pamoja na vinyama vya utumbo. Mwaka 1949 daktari wa Marekani, Harold Jeghers, pamoja na wenzake, waliueleza ugonjwa huo zaidi. Mpaka leo unaitwa kwa majina ya madaktari hao wawili. Vinyama vyake huota zaidi katika utumbo mwembamba, na huko ndiko utumbo hujimeza mara nyingi. Kwa ngozi yetu nyeusi madoa hayo hayaonekani upesi. Tazama midomo na ndani ya mashavu mahali penye mwanga.

Basi mganga akikuuliza, "Je, yupo ndugu yenu aliyekufa kwa saratani ya utumbo akiwa bado kijana?" usione haya kusema. Uliza wazee kabla hujatoka nyumbani. Jibu lako linaweza kuwaokoa hata wadogo zake mgonjwa.

KINATOLEWAJE?

Watu wengi huogopa hospitali kwa sababu wanadhani mtoto atapasuliwa tumbo. Mtoto wa yule mkulima hakupasuliwa. Alipopata nguvu alipewa dawa ya usingizi. Daktari alikishusha kinyama taratibu, akafunga kikonyo kwa uzi wa hospitali, akakikata. Kazi haikufika nusu saa. Kinyama kilipelekwa kupimwa kwa hadubini. Jibu lilikuwa jema.

Mtaniuliza, "Mbona yule mama wa jirani naye alisema kifungwe kwa uzi?" Ndiyo, alisema. Lakini daktari alikuwa amekwisha kukigusa na kujua ni kinyama, si puru. Mtu akifunga puru kwa uzi, anaua utumbo wa mtoto. Daktari alikuwa na damu tayari, na dawa ya usingizi, na vyombo vilivyochemshwa. Mama wa jirani alikuwa na uzi peke yake.

Vinyama vilivyo juu zaidi hutolewa katika hospitali kubwa. Utumbo husafishwa kwanza kwa dawa. Kisha daktari hupitisha mpira mrefu unaopindika, wenye taa na kamera, katika njia ya haja kubwa. Katika mpira huo hupita waya wenye kitanzi. Kitanzi hukamata kikonyo kama kamba inavyokamata shingo ya mbuzi. Kisha hupitishwa umeme kidogo, unaokata na kuzuia damu isitoke. Kazi hii ilianza mwaka 1969 huko New York, Marekani. Daktari aliyeifanya alikuwa Hiromi Shinya, mzaliwa wa Japani, akishirikiana na mwenzake William Wolff. Kabla ya hapo, kinyama kilichokuwa juu kilitolewa kwa kupasua tumbo.

Kila kazi ya daktari ina hatari yake. Mara chache mtoto hutoka damu baadaye, na mara chache sana utumbo hutoboka. Kwa hiyo katika wiki mbili baada ya kutolewa kinyama, mtazame mtoto vizuri. Akitoka damu nyingi, akiumwa tumbo sana, au akipata homa, arudi hospitalini mara moja.

MAMBO YA KUFANYA

1. Tazama choo cha mtoto wako mdogo. Mtoto akianza kwenda chooni peke yake, mwulize kila mara, na uende ukaangalie.

2. Ukiona damu, hata mara moja, mpeleke zahanati. Usianze na dawa ya dukani.

3. Mweleze mganga mambo matano: damu ilianza lini, ni ya rangi gani, iko juu ya choo au imechanganyika nacho, mtoto anaumwa au haumwi, na dawa gani amekwisha kupewa.

4. Damu ikirudi baada ya dawa, sema wazi: "Nimempa dawa, damu imerudi. Naomba apimwe njia ya haja kubwa." Kusema hivyo si utovu wa adabu. Ni haki ya mtoto wako.

5. Kinyama kikitoka nje, usikivute, usikifunge, usikikate, usikitie dawa ya majani. Kifunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji safi. Mpeleke mtoto kwa mganga, hata kama kimerudi ndani.

6. Ukiambiwa uende hospitali ya wilaya, nenda. Kama nauli hakuna, mwone mwenyekiti wa kitongoji au kikundi chenu cha kuweka na kukopa. Mkopo wa nauli hulipwa msimu wa mavuno. Damu ya mtoto haingoji msimu.

MTOTO YUKO WAPI LEO?

Mtoto yule yuko shuleni. Baada ya kutolewa kinyama alipewa dawa ya kuongeza damu kwa miezi mitatu. Aliacha kula udongo kabla hata dawa haijaisha. Nikipita na pikipiki yangu, hukimbia nyuma yangu mpaka kwenye mwembe, kisha hurudi.

Baba yake bado huniomba shauri. Msimu uliopita aliniuliza juu ya funza wa vitumba, nami nikamjibu, maana jambo hilo ninalijua. Kisha akaniuliza juu ya kikohozi cha mama yake. Nikamwambia, "Mzee, hilo silijui. Panda nyuma, twende zahanati."

Mimi ni bwana shamba. Wananchi wakiniamini katika shamba, isiwe sababu ya mimi kujifanya najua kila kitu. Neno langu moja la haraka lilimgharimu mtoto miezi sita ya damu. Viongozi wenzangu, walimu, wenye maduka ya dawa, nawaombeni mlikumbuke jambo hili mtu anapokusimamisheni njiani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini wazazi wa mtoto huyu hawakushtuka mapema?

2. Damu ya kinyama ina tofauti gani na damu ya kuhara?

3. Bibi alisema, "Kitu nisichojua mzizi wake sikikati." Je, katika kijiji chenu kuna vitu gani ambavyo watoto hukatwa nyumbani? Vimeleta madhara gani?

4. Mtu akipata mgonjwa usiku katika kijiji chenu, anasafirije mpaka hospitali? Fanyeni mpango sasa, kabla mgonjwa hajapatikana.

Mwezi ujao tutarudi shambani. Tutazungumza juu ya kukausha mahindi vizuri kabla ya kuyatia ghalani. Kwa leo, kesho asubuhi utakapokwisha kutazama kinyesi cha ndama, mwulize na mtoto.

Kwa herini.

Bwana Shamba wenu